Mshono wa Mgongoni

Zipu ndiyo iliyotuponza.

Siku ile nilitoka karakanani kwangu jua likizama, nikakimbilia duka la vifaa vya ushonaji kabla halijafungwa. Nilitaka zipu moja tu, ndefu, ya rangi ya udongo. Muuzaji akapekua maboksi yote, akanitolea nyeusi, nyeupe, hata ya kijani.

"Si uchukue nyeusi? Nani ataiona?"

"Mimi nitaiona."

Akacheka. Kiburi changu kinajulikana hadi kwa wauza zipu. Nikarudi mikono mitupu.

Mimi ni mbunifu wa mavazi. Mama na baba wametoka kwenye makabila mawili ambayo hayapikiki chungu kimoja, na mimi jina nimelipata kwa kuyashona pamoja, nusu kitambaa cha huku na nusu cha kule. Wateja wanapenda. Bibi zangu hawakupenda hata kidogo. Bibi mzaa mama na bibi mzaa baba walikaa chumba kimoja mara moja tu, siku alipozaliwa mdogo wangu, na kila mmoja akataka mtoto apewe jina lake. Walimvuta mtoto, huyu mguu huyu mkono, juu ya kitanda cha mzazi, mpaka baba akawatoa nje wote wawili. Mtoto akakosa jina la upande wowote. Tukamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na amebaki Kitinda mpaka leo. Bibi wale wamekufa hawajasemezana.

Kila mmoja aliacha nguo moja ya heshima. Ya bibi mzaa mama ilikuwa nzito, rangi ya udongo, inanuka moshi. Ya bibi mzaa baba ilikuwa nyeupe, nyepesi, yenye tarizi kwenye pindo, na inanukia marashi. Nilizikata zote mbili nikatoa gauni moja, kushoto udongo, kulia nyeupe, mshono ukipita katikati. Kwenye mchoro niliongeza na kilemba chenye shela ya kufunika uso, nusu kwa nusu vilevile, ila hiyo nilikuwa sijaishona bado. Nilijiona fundi kweli.

Niliporudi, Kitinda alikuwa ameshalivaa, amesimama juu ya kigoda, mgongo wazi.

"Dada, umepata?"

"Sijapata. Geuka, nikushone humo humo. Mpiga picha yuko njiani."

Hapo ndipo nilipokosea. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sote tunamwita Babu Fundi, alikuwa na sharti moja tu. Nguo haishonwi mwilini. Hata kifungo kikikatika, mvue mtu kwanza. Nilidhani anaogopa kuwachoma wateja na sindano, na miaka yote ile sikuwahi kumuuliza.

Nikachomoa uzi mmoja kwenye pindo la udongo na mmoja kwenye pindo jeupe, nikazisokota pamoja. Ndiyo alama yangu, kila nguo yangu huimalizia hivyo. Nikaanza kiunoni, nikapanda. Kitinda alikuwa akinisimulia habari za kazini kwao, mara akanyamaza. Nilipofika kwenye mabega nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno.

Nikasikia moshi. Halafu marashi. Vikali, kana kwamba wenyewe wamesimama nyuma yangu…

Shrrr.

Sauti ya uzi unaovutwa kwenye kitambaa.

Nikatazama sindano. Ilikuwa mkononi mwangu, haina uzi.

Shrrr.

"Dada, unanichoma."

"Sikugusi."

"Acha masihara, bwana. Unanichoma!"

Mkono wake wa kushoto ukanyooka, ukashika nondo za dirisha. Wa kulia ukashika ukingo wa meza ya kukatia. Vidole vikawa vyeupe kwa nguvu. Mwili wake ukakazika katikati, ukivutwa huku na huku, na yeye ananitazama kama mtoto anayezama.

"Wetu," ikanong'ona pembe moja ya mdomo wake.

"Wetu huyu," ikajibu pembe ya pili.

Nikashika mkasi. Nikakata upande wa udongo, Kitinda akapiga ukelele na ubavu wake wa kushoto ukaruka. Nikakata upande mweupe, ukaruka wa kulia. Damu hakuna, jeraha hakuna, lakini alilia kama niliyemkata nyama. Nikampigia simu Babu Fundi.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza.

"Nguo ilikuwa mwilini?"

"Ndiyo, Babu."

"Fundo ulifunga?"

"Nilifunga."

"Kwa uzi wa nani?"

"Wa bibi… wote wawili."

Nilisikia akikaa chini. "Mjukuu wangu, weka huo mkasi. Wale walikuwa wanamvuta mtoto kwa mikono mitupu. Wewe umewapa uzi."

"Nifanye nini sasa?"

"Sijui."

Nimefanya kazi chini ya mzee yule miaka tisa, na sikuwahi kumsikia akisema sijui.

Nikatupa mkasi, nikamkumbatia mdogo wangu pale pale juu ya kigoda. Mpiga picha alikuja akagonga, akagonga tena, akaenda zake. Baadaye kidogo gauni likadondoka lenyewe. Lilikuwa sakafuni, mshono umefungwa vilevile, fundo liko mahali pake, na Kitinda yuko nje yake. Sikuelewa ametokaje. Tukacheka huku tunalia. Nikampa fulana avae, akageuka.

Kuanzia kiunoni hadi mabegani, katikati ya mgongo, kulikuwa na mstari wa mishono. Midogo, iliyopangana, kila wa tano umelala kidogo kushoto.

Hiyo ni mishono yangu. Mkono wangu naujua.

Tulimpeleka hospitali, daktari akasema ni kovu la zamani, akatupa mafuta ya kupaka. Mama alilia, akawaomba radhi bibi wote wawili kwa majina, wa kwao na wa kwa mumewe, hakujibiwa. Babu Fundi alikuja, akautazama mgongo, akarudisha miwani mfukoni, akaondoka bila kunywa hata maji. Gauni nimelichoma moto. Mchoro nimeuchana, nikachora mwingine ambao mshono wake unakoma mabegani, nikaubandika ukutani juu ya kitanda chake. Haukusaidia kitu. Kila jua linapozama, shrrr. Mshono mmoja. Ukapita mabega, ukapanda shingoni, sasa umeingia kwenye nywele na nywele zinaupisha.

Mikono yake imegombana. Wa kulia ukiinua kijiko, wa kushoto unakishusha, kwa hiyo namlisha mimi. Yeye bado anatania. "Nikichumbiwa, Dada, mkono mmoja utakubali na mwingine utakataa." Mimi huingia jikoni nikalie huko.

Jana aliniuliza.

"Dada, gauni lile ulilichora wewe. Mshono wake unaishia wapi?"

Mchoro wa kwanza nimeuchana, lakini kichwani ninao wote.

"Kisogoni," nikamwambia. "Umeshafika."

Akashusha pumzi. Akaninong'oneza asante. Halafu mikono yake yote miwili ikanishika, mara ya kwanza kukubaliana tangu siku ile, ikanibana vidole mpaka vikalia, na yeye mwenyewe ikawa kama hana habari.

Shela niliichora ifunike uso wote. Mshono unapita utosini, unashuka kati ya macho, unavuka midomo, unaishia kidevuni. Nimejaribu kuhesabu siku zilizobaki, nikaishia njiani.

Jua linazama sasa. Kitinda anaongea sana leo, anaruka kutoka jambo hili hadi lile, mengine ameshanisimulia mara mbili. Namwacha aongee.