Shubiri Moja Chini ya Nguzo

Kila alasiri Redempta alikata majani ya ng'ombe, akayatua zizini, kisha akakimbilia barazani kwa Shangazi Eunike. Shangazi alikuwa mwalimu wa fizikia Moshi mjini. Likizo ile, kijiji chao cha ujamaa huko Kirua Vunjo kilikuwa kinajenga daraja la waya juu ya korongo. Masika yaliyopita mto ulikaribia kumchukua Kalisti, mdogo wake Redempta, akienda shule.

Shangazi alitakiwa kujua waya ukatwe urefu gani. Nguzo zilikwisha kusimikwa, moja kila upande, lakini mwinamo wa waya pale unapoanzia haukujulikana, na bila huo urefu haupatikani. Basi Shangazi alikisia mwinamo, na Redempta akapiga hesabu hatua kwa hatua hadi ng'ambo, waone kama watafika kwenye kichwa cha nguzo ya pili. Mara ya kwanza walipita juu. Walipouzidisha mwinamo maradufu, walishuka chini kupita walivyotarajia, maana waya ukiinama zaidi huwa mrefu zaidi, na uzito nao huongezeka. Shangazi alicheka tu, akakisia tena. Redempta alimpenda kwa moyo ule usiochoka.

Siku ya tatu Shangazi aliitwa mkutanoni, akamwachia amalizie. Hesabu ikaishia shubiri moja chini ya kichwa cha nguzo. Nje wenzake walikuwa wanacheza rede. Redempta akafuta namba ya mwisho, akaandika ile iliyotakiwa, akaenda zake kucheza. Jioni alimwambia Shangazi kwamba hesabu imefika kwenye nguzo.

Asubuhi fundi wa daraja, Mzee Ambrosi, aliutandaza waya na kuutia alama ya chaki. Siku hiyo waya ulikuwa mmoja tu, na ukikatwa vibaya hauungiki. Kalisti alikuwa anamwuliza fundi kama atavuka wa kwanza. Redempta alipouona msumeno umegusa waya, alishindwa kuvumilia.

"Babu, usikate," alisema huku machozi yakimtoka. "Namba ya mwisho nimeitunga mimi."

Mzee Ambrosi aliweka msumeno chini. Shangazi, aliyekuwa amesimama kando ya waya, akamwuliza alikuwa amekosa kwa kiasi gani.

"Shubiri moja, chini ya nguzo."

"Hiyo shubiri ndiyo niliyokuwa naitafuta," Shangazi alisema. "Ilikuwa inatuambia turudi mwanzo, tupunguze mwinamo kidogo. Wewe ukaifuta."

Waliketi palepale juu ya jiwe wakaanza upya. Safari hii walipita juu ya nguzo kwa upana wa kidole. Wakaongeza mwinamo kidogo sana, na hesabu ikatua kwenye nguzo. Mzee Ambrosi akakata. Waya ulipovutwa ng'ambo ulifika barabara, na wanakijiji wakapiga vigelegele. Redempta aliona fahari kuwa mpwa wa mwanamke yule.

"Kukosa si aibu, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Kila tulipokosa tulijifunza pa kwenda. Lakini ukinificha ulipokosea, hata mimi siwezi kukusaidia, na Kalisti ndiye angevuka juu ya uongo wetu."

Kisha akamkabidhi chaki. Waya wa pili, ule wa kushikia mkono, ungeletwa wiki iliyofuata, na hesabu yake alimwachia Redempta.