Taa Nyekundu ya Mheshimiwa Rexrode

Siku wajumbe wapya wanapoapishwa, jengo la Baraza la jimbo pale Charleston linakuwa kama mnada wa ng'ombe, tofauti ni kwamba ng'ombe hawavai tai. Kila mjumbe amekuja na mke, na shangazi, na watoto waliovishwa viatu vya kubana, na kila mtu anauliza choo kiko wapi. Januari ile theluji ilikuwa imeshikamana na soli za watu, na sakafu ya marumaru ikageuka uji.

Verlene Stidham aliingia amevaa koti jekundu linalofika magotini na buti zenye vumbi la barabara ya makaa, faili kwapani. Alikuwa na miaka arobaini na moja, wakili, hana mume. Kwenye kiti alichokuwa anakwenda kukikalia alikuwa amemng'oa mzee mmoja aliyekikalia miaka ishirini na miwili, tena kwa kura sitini tu. Bawabu alimtazama kuanzia kwenye koti, akashuka taratibu mpaka kwenye buti.

"Wake wa waheshimiwa wanasubiri kwenye benchi lile, mama. Kuna na biskuti."

"Mheshimiwa ni mimi."

"Sawa, mama. Na yeye yuko wapi?"

"Angalia orodha yako. Stidham. Nitasimama hapa hapa mpaka uipate, na hawa wote walioko nyuma yangu watakuchukia wewe, siyo mimi."

Nyuma yake alikuwepo mwanamume mrefu aliyevaa suti ya marehemu baba yake. Mikono ya suti iliishia mbali na viganja, na harufu ya dawa ya nondo ilikuwa inagombana na harufu ya kondoo.

"Biskuti za aina gani?" akauliza.

"Za tangawizi," bawabu akajibu.

"Basi niandike na mimi ni mke wa mtu."

Akaenda kweli. Akajibana katikati ya wake za watu, kofia magotini, na bawabu alipolipata jina la Verlene, bwana yule alikuwa ameshakula biskuti nne na ameshajua nani ana mume anayekoroma. Verlene alipopita akasimama mbele yake.

"Wewe ni mke wa nani?"

"Bado sijaolewa. Clell Rexrode. Kondoo mia mbili na themanini, wilaya ya juu kabisa milimani."

"Unakaa upande gani wa ukumbi?"

"Ule mwingine."

"Pole."

"Na wewe pole," akasema Clell, akampa biskuti ya tano.

Basi ikaanzia hapo. Upande wa Verlene na upande wa Clell hawakuwa wakikubaliana hata juu ya saa ya ukutani, lakini hakuna kanuni inayokataza watu wa pande mbili kunywa kahawa meza moja. Kila asubuhi utawaona kule kantini ya chini, Verlene na mkate wake wenye soseji kali ndani, Clell na kijitabu cha kanuni za Baraza, kimekunjamana kama leso.

"Unasoma hicho mpaka lini?" Verlene alimuuliza siku moja. "Unakisoma kama maelekezo ya mashine ya kukatia nyasi."

"Mashine naijua. Hii ndiyo siijui. Wewe hujakisoma?"

"Mimi nimesomea sheria, mpenzi. Hicho ni cha wakulima."

Alisema mpenzi kwa utani. Lakini masikio ya Clell yalibadilika rangi, na siku tatu baadaye, wiki ya kwanza ya Februari, pale pale kantini na mchana kweupe, akafuta mikono kwenye suruali na kumuuliza kama angekubali kuolewa naye.

Verlene hakucheka, nampa sifa hiyo.

"Hapana, Clell."

"Hapana ya leo, au hapana ya moja kwa moja?"

"Mimi nimekuja hapa na muswada mmoja. Wewe umeapa kwa watu wako kwamba utaupigia kura ya hapana, taa nyekundu. Siwezi kulala ubavuni mwa taa nyekundu."

"Nimesikia," akasema Clell. Akamalizia kahawa yake. Kesho yake alikuja tena meza ile ile, na Verlene naye akaja, na wala hawakulizungumza.

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi. Ulisema mchimba makaa akiugua mapafu kwa vumbi la mgodini, neno la daktari wake mwenyewe lisikilizwe, siyo la daktari wa kampuni peke yake. Verlene alikuwa ametetea wachimbaji wa namna hiyo miaka kumi na tano, na wengi wao alikuja kuwazika. Jumapili moja alimpakia Clell kwenye gari, akampeleka kwa mteja wake, mzee Hobert Tackett. Walikaa sebuleni na mkewe, bibi Opal, wakanywa chai, na kupitia ukuta wa chumbani wakawa wanamsikia Hobert anavuta pumzi, mtungi wa oksijeni unamsaidia kwa kelele.

Njiani kurudi Clell alivua kofia, akaiweka magotini. Kisha akasema, "Ningekuwa na kondoo mwenye kifua kile, ningemwita daktari. Nisingeita kampuni kuniambia mzima."

"Basi pigia kijani."

"Niliwaambia watu wangu nyekundu. Siwezi kuwageuka kimyakimya kwa sababu ya koti lako."

"Koti langu limeingiaje?"

"Linaingia kila mahali, wakili."

Sasa sikiliza balaa lilivyokuja. Spika akapanga muswada upigiwe kura Jumatano, na Jumatano hiyo hiyo kesi ya Hobert inasikilizwa kule mabondeni, mwendo wa saa tatu. Sheria inampa wakili ambaye ni mjumbe ruhusa ya kuahirisha kesi mpaka Baraza lifungwe. Hakimu mwenyewe alimpigia simu: tusogeze Aprili? Verlene akasema hapana. Hobert alitaka kumwambia hakimu kwa pumzi yake mwenyewe, na Hobert asingefika Aprili.

Barazani kuna desturi ya zamani. Mwenye udhuru anamtafuta mtu wa upande wa pili, anamwomba siku hiyo akae asibonyeze kitufe. Mmoja hayupo, mwingine hapigi, na hakuna upande unaopungukiwa. Hakuna karatasi wala sahihi, ni neno tu.

"Nikae mikono mapajani?" Clell aliuliza.

"Mikono mapajani. Utaweza?"

"Neno langu unalo."

Na Clell Rexrode, kule kwao, hakuwahi kuvunja neno hata la kununua mbwa.

Jumatano Hobert aliongea mbele ya hakimu dakika arobaini. Alipumzika mara kumi na moja, na mahakama nzima ikamsubiri. Verlene akatoka nje macho mekundu, akaendesha mpaka kwenye kituo cha mafuta ambako simu hushika, na simu ikalia hapo hapo. Alikuwa Imogene, mama mtu mzima anayekaa kiti cha jirani yake ukumbini.

"Muswada umeanguka, binti yangu. Arobaini na tisa kwa hamsini."

"Hamsini? Ilipaswa kuwa sare."

"Sare nayo inaua muswada, unajua. Lakini siyo sare. Taa ya Rexrode ni nyekundu. Nimeiona kwa macho yangu, nikavaa miwani, nikaiona tena."

Verlene akashika mlango wa gari. Kabla hajakata, simu nyingine ikaingia.

"Verlene," Clell akasema. Nyuma yake palikuwa na kelele za watu, na sauti nene ya Burl Cutright, kiongozi wa upande wake, anamwita njoo tupige picha. "Verlene, nisikilize."

"Ulibonyeza au hukubonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Nyekundu?"

"Nyekundu. Hapa siwezi kusema zaidi. Kesho uwe kitini kwako saa tano kamili, usi—"

"Usinipangie pa kukaa. Kumbe ndiyo maana uliniambia neno lako ninalo. Ulitaka niende."

"Siyo hivyo, mpenzi."

"Usiniite hivyo. Mwite Cutright."

Akakata. Simu ikalia tena, ikalia, akaizima na kuitupa kiti cha nyuma. Alfajiri alipoiwasha kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa sauti, Clell anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliye kanisani: "Kesho kitini. Mengine nitayasema mbele ya watu, maana kuta za hapa zina Cutright."

"Bora aseme mbele ya watu," Verlene akamwambia kioo cha bafuni. "Nami nitamtazama usoni."

Akavaa koti jekundu. Koti halivaliwi ukumbini, lakini siku hiyo nani angemwambia avue.

Saa tano Spika aligonga nyundo. Clell alikuwa ameshasimama. Tai fupi, nywele zimelowa maji, kijitabu mkononi.

"Mheshimiwa Spika, naomba muswada ule wa jana urudiwe kura."

Cutright akageuka kwenye kiti mpaka kiti kikalia.

"Mheshimiwa wa milimani ana haki gani ya kuomba hilo?" Spika akauliza.

"Kanuni inasema aliyekuwa upande ulioshinda ndiye peke yake anayeweza kuomba, tena kabla siku ya pili haijaisha. Walioshindwa hawawezi. Jana nilitazama ubao wa kura, nikaona sare, nikaona muswada umekufa, na waliokuwa wanautaka wote wamekuwa washindwa. Hapakuwa na mtu wa kuufukua." Akafunga kijitabu. "Nikabonyeza nyekundu ili niwe miongoni mwa waliouua. Nilikuwa nimempa mtu neno kwamba sitabonyeza. Nimelivunja. Watu wangu nao niliwaambia kitu kingine, na leo nitawageuka hadharani, wajue siku na saa. Nimemsikia mzee mmoja akivuta pumzi, na mtu asiyeridhika na mimi anajua nyumbani kwangu."

Verlene, mwenye shahada mbili za sheria ukutani, alihisi uso unawaka. Kanuni ya kurasa mbili, ya wakulima, na hakuwahi kuifungua.

Imogene akamgusa kiwiko. "Funga mdomo, binti. Bonyeza."

Ubao ukawaka. Taa ya Stidham kijani. Taa ya Rexrode ikakaa giza kidogo, Cutright ameinama sikioni mwake anamwambia kuhusu daraja ambalo wilaya yake iliahidiwa na jinsi litakavyosahaulika. Clell akamwangalia kama anavyomwangalia kondoo dume asiyetaka kuhama, akanyoosha kidole. Kijani. Hamsini na moja kwa arobaini na tisa.

Walikutana kwenye ngazi za nje, kwenye upepo.

"Ungeniambia," Verlene akasema.

"Ulikata simu."

"Ungenipigia tena."

"Nilipiga mara tisa."

"Ulivunja neno ulilonipa, Clell."

"Nililivunja. Na kesho ningelivunja tena. Unataka nikuombe radhi?"

"Ndiyo."

"Siombi."

Verlene akamtazama, akataka kukasirika, akashindwa. "Basi na mimi sikuombi," akasema, akashuka ngazi. Wote wawili walienda nyumbani na kiburi chao, wakakilisha vizuri.

Wiki iliyofuata Cutright alihamishia meza ya Clell nyuma ya nguzo, karibu na bomba la joto, mahali asipoonekana na Spika. Clell akaleta mto wa kukalia. Seneti nayo ikaupitisha muswada, kwa kununa. Hobert alikufa Machi, baada ya hakimu kumpa haki yake, na Clell alikuja mazikoni, akasimama mwisho kabisa, akaondoka bila kula.

Aprili vitunguu pori vinapochipua, kila kituo cha zimamoto milimani kinapika chakula cha hisani. Vinakaangwa na viazi na nyama ya nguruwe, na ukivila, siku tatu hakuna anayekusogelea isipokuwa aliyekula na yeye. Kituo cha kwao Clell kilikuwa kimejaa, watu kama mia mbili, na meza ya Clell ilikuwa na mtu mmoja. Wengine walikuwa wamempa mgongo, maana uchaguzi wa ndani ya chama ulikuwa Mei ya mwaka unaofuata na Cutright alikuwa ameshamleta mtu wake wa kugombea naye.

Mlango ukafunguka. Verlene akaingia na gauni jekundu na buti zile zile. Akapokea sahani, akasema jaza, mama, usinionee huruma. Akapita katikati ya ukumbi mzima wa watu wa upande mwingine, akaketi mbele ya Clell, akala vijiko vitatu vikubwa.

"Nimekisoma," akasema mwishowe, akatoa kijitabu kwenye pochi. Kilikuwa kimekunjamana kama leso.

"Na umeonaje?"

"Februari kuna mtu aliniuliza jambo kantini. Upande gani ulishinda?"

Clell akaweka uma chini. "Upande wa hapana."

"Na hapana aliisema nani?"

"Wewe."

"Basi ni mimi peke yangu mwenye haki ya kuomba jambo lile lirudiwe. Naomba lirudiwe."

Meza za jirani zilikuwa zimeacha kutafuna. Clell akajikuna shingo, na tabasamu likaanza kumtoroka pembeni.

"Umechelewa, wakili. Kanuni inataka siku ya pili. Imepita miezi miwili."

"Ukurasa wa arobaini. Kanuni yoyote inaweza kuwekwa kando kwa theluthi mbili." Akanyoosha mkono juu, mrefu, mbele ya watu wote wa wilaya ile. "Mjumbe wa kwanza kijani. Tuko wawili tu."

Clell akafuta mikono kwenye suruali, akaunyoosha na wake.

Mpishi mkuu wa zimamoto, mama mnene mwenye mwiko, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupigia kura upande wa Verlene na hakuwa na nia ya kuanza, akaangalia mikono ile miwili. "Imepita," akasema. "Sasa malizeni sahani zenu, kuna watu wanasubiri viti."

Walimaliza. Kisha wakabusiana, na kwa harufu ile iliyokuwa vinywani mwao, hakuna mwingine mle ndani ambaye angeweza.