Walimu Wawili, Darasa Moja

Wiki ya mitihani, duka la fotokopi la Bella pale Kamembe ni vita. Walimu wamejipanga mpaka nje, kila mmoja anadai amefika wa kwanza, na Bella mwenyewe anapiga kelele kuishinda mashine. Katika fujo hiyo karatasi zikachanganyika.

"Hii si yangu," Védastine alisema. Akaisoma hata hivyo, maana juu iliandikwa darasa lake. "Muntu anavuta mufuko wa simenti kwenye mulima, tafuta nguvu... Kosinasi! Nani amewapa hawa batoto kosinasi? Mwalimu wao wa hesabu ni mimi, na hiyo hesabu ya pembe sijaifundisha!"

"Basi umechelewa," sauti ikajibu nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la manjano limepigwa pasi kupita kiasi, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa Gratien, mwalimu mpya wa fizikia shuleni kwao, ambaye hata salamu walikuwa hawajapeana.

"Sijachelewa, Profu. Programu yangu inasema muhula wa tatu. Wewe ndiye unauliza batoto kitu hawajaona."

"Na programu yangu inasema sasa. Tufanye nini, Mademoiselle? Tupigane hapa?"

"Piganeni nje, mashine musinivunjie!" Bella alifoka, na foleni nzima ikacheka.

Védastine hakucheka. Wala hasira hakuwa nayo, ingawa sauti ilikuwa juu. Tangu maman wake azikwe, mwaka uliopita, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi: hana huzuni, hana furaha, hata njaa hana. Siku ya mazishi hakulia, majirani wakamsema mpaka wakachoka. Jua au mvua, alivaa sweta lile lile la kijivu, akafundisha, akasahihisha, akalala. Nyumba ya maman ilimshinda kukaa, akaomba uhamisho wa kwenda Huye, kisha akasahau kwamba ameomba.

Gratien alilikata swali lake kwa kalamu. "Haya, nimelifuta. Sasa nisaidie, tupange programu zetu pamoja."

Wakapanga kweli! Védastine akaiwahisha kosinasi, Gratien akaisubirisha ile milima yake, na siku moja wakalitoa darasa zima nje, kwenye mteremko wa barabara ya kwenda Cyangugu, na baiskeli iliyobeba gunia la viazi. Wanafunzi wanasukuma, Gratien anaeleza nguvu, Védastine anapima pembe kwa uzi na kijiwe. Wamama waliotoka sokoni na vitenge vyao wakasimama kuuliza ni shule gani hii inayofundisha kusukuma viazi.

"Kumbe ni kitu kimoja!" alipiga kelele msichana mmoja, Benitha. "Ya Mademoiselle na ya Profu, yote kitu kimoja!"

Gratien alimtazama Védastine, jasho linamtiririka, akajua amekwisha. Huyo alipenda hapo hapo, barabarani. Kuhusu Védastine mimi sijui niseme nini. Simu zake alizipokea, basi.

"Sheri, mpenzi, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Hujala wewe. Nakuja na sambaza."

"Gratien, utanichoka."

"Niliowachoka ni kidato cha nne. Wewe bado."

Akaja nao kweli, wale samaki wadogo wa ziwa, wamekaangwa, bado wa moto. Védastine akala wote bila kusikia ladha. Lakini hakutaka Gratien aondoke mapema.

Kisha mkuu wa shule, Mzee Ntabaza, akamwita Gratien ofisini na kumsifu sana kwa lile somo la pamoja. "Sasa muhula ujao utafundisha na nani? Mwenzako amekubaliwa kuhamia Huye. Kesho Ijumaa ananipa jibu lake. Kwani hakukwambia?"

Hakumwambia. Na hapo mimi namlaumu Védastine, maana habari ilikuwa kwenye simu yake tangu Jumatatu.

Gratien alimkuta chumba cha walimu. "Ulikuwa unanichezea?"

"Niliomba kabla sijakujua."

"Na Jumatatu? Jumatatu ulikuwa hunijui?"

"Nilisoma, nikangoja, Gratien. Nikasema labda nitafurahi, labda nitalia. Sikusikia kitu. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia hivyo hivyo!"

Akatoka, akaingia darasani peke yake na kuufunga mlango. Ilikuwa saa yao ya pamoja. Védastine alisimama nje na uzi wake mkononi, akimsikia anaeleza pembe vibaya, haraka haraka. Akapiga simu saa ya mapumziko. Haikupokelewa. Akapiga tena.

"Nina kazi, Mademoiselle," Gratien alijibu, akakata.

Neno lile, Mademoiselle badala ya sheri, lilitakiwa limuume. Védastine aliirudisha simu mfukoni, akaendelea kusahihisha.

Mchana alimfuata maabara. Gratien alikuwa anapanga mizani kabatini, hakugeuka.

"Nimekuja kukuaga. Kesho nasema ndiyo."

"Kwa nini?"

"Huye hakuna nyumba ya maman. Na wewe unahitaji muntu mwenye moyo. Nikibaki nitakuwa ninakudanganya."

Hasira ikamtoka Gratien, ikabaki hofu tupu. Akakaa kwenye stuli.

"Mimi nilikuwa na langu la kukuuliza. Nilitaka kuleta wazee wetu kwenu, baje bakuombe, tuoane. Baba yangu mdogo nimeshamwambia. Ila kitu kimoja kinanisumbua. Bakifika, pale kwenu nani atabapokea?"

"Maman," Védastine alisema.

Lilitoka lenyewe, haraka, jinsi mtu anavyojibu akiitwa jina. Akafungua mdomo alirekebishe, ikatoka sauti asiyoijua, akaporomoka chini. Alilia sakafuni, akiita maman, maman, mpaka darasa la jirani likakaa kimya. Gratien alipiga magoti akamshika. Alijua machozi yale hayakuwa kwa ajili yake, hata tone moja. Akamshika tu, shati likalowa.

Baadaye Védastine alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Inauma," alisema.

"Najua, sheri."

"Inauma vibaya sana, Gratien."

Hakumwachia mkono. Walikaa hivyo, wanafunzi wanachungulia dirishani, hakuna aliyewafukuza.

"Kesho namwambia Mzee Ntabaza siendi."

"Na wazee?"

"Ubalete. Nitabapokea mimi mwenyewe."