Kiti cha Baiskeli ya Maji

Kila asubuhi kabla ya shule, Agripina alifunga madumu ya maji kwenye keria ya baiskeli ya baba yake na kwenda kisimani. Jioni aliichukua tena, safari hii bila madumu, akafanya mazoezi kwenye barabara ya Kiomboi.

Msafara ulikuwa umekaribia. Vijana wangeendesha baiskeli kutoka Kinampanda hadi Singida Mjini, na kwa kila atakayefika, wakulima waliahidi kutoa debe la alizeti. Alizeti ikiuzwa, rafiki yake Leah angenunuliwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono. Leah hakuweza kutembea. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka darasani, na sasa Leah alikuwa amekua mzito.

"Lazima nifike," Agripina alimwambia.

"Fika, halafu tushindane," Leah alijibu. "Nitakuacha kwenye vumbi."

Jioni moja, akipanda kilima, goti la kulia lilianza kumuuma. Kesho yake likauma zaidi. Agripina akalificha kwa soksi ndefu.

"Bi Mbona, unachechemea kama kuku aliyekanyagwa," alisema Gasto, mdogo wake. Alimwita hivyo kwa sababu dada yake hakuchoka kuuliza maswali.

"Nimejikwaa kwenye jiwe."

Baba naye alipouliza, alijibiwa jiwe lilelile. Agripina aliogopa kuzuiwa.

Uongo haukufika mbali. Asubuhi moja goti lilikataa kabisa, akaanguka na madumu yake njiani. Baba alimkuta amekaa kwenye tope, goti limevimba kama kiazi.

"Hilo jiwe lako linahamahama?" baba aliuliza.

Agripina akalia, akasema ukweli wote. Baba akampeleka zahanati.

"Shikamoo," Agripina alimsalimu Nesi Jesca.

"Marahaba. Hebu tulione." Alilibonyeza taratibu. "Hapa ni kupumzika mpaka uvimbe uishe. Ukilazimisha, hata shuleni utabebwa."

"Sawa. Lakini mbona nikitembea haliumi sana, nikiendesha ndipo linawaka moto?"

Nesi akatabasamu. "Goti likikunjwa mno huku linasukuma kwa nguvu, huumia. Kaangalieni linakunjwaje ukiwa juu ya baiskeli."

Nyumbani, baba aliishika baiskeli, Agripina akakaa. Gasto akachuchumaa pembeni, akazungusha pedeli kwa mkono.

"Dada! Goti linataka kugonga kidevu!"

Agripina akakitazama kiti. Kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho.

"Baba, mbona kiko chini hivi?"

"Ni baiskeli ya maji hiyo. Ukiwa na madumu, lazima miguu yote ifike chini, la sivyo mzigo unakuangusha. Hapa kijijini wote tunashusha."

"Na asiyebeba madumu?"

Baba akainama akaitazama nati ya kiti. Kisha akaingia ndani kutafuta spana.

Agripina alipumzika kama alivyoambiwa, ingawa kila jioni wenzake walipita wakipiga kengele. Uvimbe ulipoisha, nesi akamruhusu kuanza polepole. Asubuhi baba alishusha kiti kwa ajili ya maji, jioni akakipandisha. Goti likatulia.

Siku ya msafara, Agripina hakushindana na mtu. Kwenye vilima vikali alishuka akasukuma. Wenzake walikuwa wameshakula walipomwona akija kando ya Ziwa Singidani, wa mwisho, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Lakini alifika.

Leah alipopata baiskeli yake, alizunguka uwanja wa shule mara moja, kisha akasimama mbele ya Agripina na baba yake.

"Mbona mikono inaniuma mabegani?" aliuliza.

Agripina akacheka. "Baba, spana!"

Baba alipiga magoti akalegeza nati ya kiti, kilichokuwa mbali mno na pedeli za mikono. "Huyu ameumwa leo, ameuliza leo," alisema bila kumtazama binti yake. "Wewe unauliza habari za nyota na mchwa, lakini la goti lako ulitudanganya. Mwili ukiuma, sema mapema. Ungesema siku ile ya kwanza, dawa ingekuwa spana tu."

"Ndiyo, baba," Agripina alisema, akamshikia kiti.