Plasta Ukutani kwa Bi Apolonia

Haya yalimkuta rafiki yangu Ireneusz, injinia wa ujenzi wa njia ya treni ya chini ya ardhi hapa Warsaw. Mashine yao ilikuwa inachimba mchangani, chini kabisa ya nyumba ya Bi Apolonia, na ukuta wa stoo yake ukaingia ufa mwembamba kama uzi. Ireneusz akaubandika kiraka cha plasta mbichi ili ajue kama ufa unapanuka, maana ardhi ikisogea, plasta huvunjika.

“Mwanangu, mchanga unatiririka humo ndani. Mchanga huo ukisikia mtu anakuja, unanyamaza,” Bi Apolonia akamwambia.

“Bibi, hao ni panya. Fuga paka!”

Majirani waliokuja kutazama walicheka mpaka wakashikana mabega.

Wiki iliyofuata akarudi kukagua. Plasta ilikuwa nzima. Ghafla taa ikazimika, na gizani akausikia mchanga: shaaa, taratibu, halafu kimya. Bi Apolonia aliwasha mshumaa. Ireneusz alishindwa kumtazama usoni.

“Nisamehe, bibi.”

“Ulinicheka mbele za watu, radhi unaniomba gizani?”

Kwa aibu, akaibandua plasta auangalie ufa vizuri. Upande wa nyuma, uliolalia ukuta, ulikuwa na alama za vidole, zimebonyezwa kutoka ndani ya ukuta siku ile plasta ikiwa mbichi, watu wakicheka.