Kinachotoka Kwangu Kipite

Harufu ndiyo iliyotangulia. Maziwa yaliyochacha, mchana kweupe, ndani ya ofisi ambayo hata kikombe cha chai hakiruhusiwi kuingia. Komeo alinusa mikono yake, akanusa blauzi, akajisemea labda ni yeye, mama wa mtoto mchanga. Hakuwa yeye.

Jina la Komeo wenzake walimpa kwa sababu ya kazi yake. Alilinda tovuti ya hospitali ya wazazi, ambamo kila mtoto anayezaliwa ana kadi yake: uzito, chanjo, jina la mama. Mbele ya tovuti alikuwa amesimamisha ukuta wa kinga, programu inayochuja wageni, na kwenye ukuta akapanga makundi ya kanuni. Kundi la kuzuia wezi wa taarifa, kundi la kuzuia roboti, kundi la kuzuia wanaoigonga tovuti mara nyingi mno kwa mpigo. Ukuta huzisoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza kusema "pita" ndiyo mwisho wa maneno. Zilizo chini yake hazisomwi tena. Hayo Komeo aliyajua kama njia ya kwao. Kwa hiyo tusimwonee huruma kupita kiasi.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali, anaongea kwa kunong'ona.

"Mwanangu, kuna mtu anafungua kadi za watoto. Na kila kadi inayofunguliwa, mwenye kadi anakataa ziwa. Wanalegea tu mikononi."

"Madaktari wanasemaje?"

"Wanatazamana."

Mkuu wa kitengo, bwana ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza wamefikia wapi, akaja kusimama nyuma ya kiti. "Tumefikia wapi?"

"Namzuia," Komeo alisema. Akaongeza kundi jipya la kanuni, kali kuliko yote. Kadi zikaendelea kufunguka. Akaongeza jingine. Zikafunguka upesi zaidi, na feni ya kompyuta ikaanza kutoa mlio wa kitu kinachonyonya, taratibu, kwa raha zake.

"Unasikia?" alimuuliza mkuu.

"Nasikia. Hebu tazama anatokea wapi."

Akatazama. Anwani ilikuwa ya mtandao wa nyumbani kwake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema. Juu kabisa ya ukuta, juu ya makundi yote, palikuwa na kanuni aliyoiandika mwenyewe wakati wa likizo ya uzazi, akifanya kazi huku mtoto yuko mapajani, amechoka kuzuiwa na ukuta wake mwenyewe: kinachotoka kwangu kipite, kisikaguliwe. Alikusudia kuiondoa kesho yake. Kesho ya fundi mnaijua.

Akampigia mama yake, aliyebaki nyumbani na mtoto, kwa simu ya mkononi.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Chumbani. Mbona unauliza, na wewe uko naye humo? Nakusikia unambembeleza."

"Mama, ingia umtoe."

Kitasa kilisikika kikitikiswa. "Mlango umekaza." Kisha, kwa sauti ya chini sana: "Mwanangu, unanipigia ukiwa wapi?"

Kwenye skrini, mahali ambapo mgeni wa tovuti huandikwa aina ya kifaa chake, maneno yakajitokeza: *Ukinifungia huko, nitanyonya huku huku.*

Mkuu hakuyaona, alikuwa na simu ya mezani sikioni. "Sasa ni wodi nzima," alisema. "Futa hiyo kanuni ya juu, Komeo. Wale ni watoto wa watu."

Watoto wa watu, ndiyo, alilijua hilo, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya neno "futa", lakini harufu ilikuwa imemjaa kooni, na katika simu mama yake alikuwa akiugonga mlango kwa viganja na kulia kwa sauti ndogo, na nyuma ya mlango ule Komeo aliisikia sauti yake mwenyewe ikimbembeleza mwanawe, polepole, huku mnyonyo wa feni ukifuata mapigo yale yale ya wimbo, na mtoto wake, ambaye hajapata kulala bila kukoroma, hakusikika kabisa.

Hakuifuta kanuni. Aliipanua. Yeyote, kutoka popote, apite.

"Umemaliza?" mkuu aliuliza.

"Nimemaliza."

"Afadhali."

Feni ilinyamaza. Katika simu mlango ulilalama, ukafunguka wenyewe, na mama yake akaangua kilio cha shukrani. "Yu mzima. Nimembeba. Anatafuta ziwa huyu, ana njaa. Njoo, mama."

"Nakuja," Komeo alisema, akachukua mkoba.

Alipofika mlangoni, simu ya mezani, ile ya hospitali, ilianza kulia tena. Aliisikia vizuri. Akauvuta mlango nyuma yake.