Biwi Namba Tisa

"Jembe, Jembe. Hapa Ghala. Wanisikia?"

"Nakusikia, Ghala. Sema."

"Mbegu zimevuka ziwa. Zilishukia Kabwe. Zitapandwa relini Ijumaa."

"Ziko wapi sasa?"

"Kwako."

Tusajigwe Mwakyoma aliibana redio ya Racal sikioni kwa nguvu. Alikuwa amechutama ndani ya stoo ya vipimajoto, mlango ameukomea kwa ndani. Saa yake ya Seiko ilionyesha saa moja kasorobo asubuhi. Ilikuwa Jumatano.

"Rudia, Ghala."

"Ziko kiwandani kwako. Kilo mia mbili. Zitafute, kisha umtaje mkulima. Kwa jina. Saa nne kamili. Ghala natoka."

Redio ikakata.

Mbegu zilikuwa baruti. Reli ilikuwa Reli ya Uhuru, ambayo iliwanyima usingizi maadui wa kusini tangu ilipofunguliwa mwaka uliopita. Na mkulima alikuwa mtu wa humuhumu kiwandani aliyekubali kuzificha.

Aliirudisha redio katika sanduku lake, akaifunika kwa kadi za ukaguzi. Bastola yake, Walther ndogo, aliichomeka kiunoni chini ya sweta.

Kwa miezi mitano watu wa Sumbawanga walimjua kama Ndugu Mkaguzi, mwanamke wa Kinyakyusa aliyeletwa na wizara kusimamia kanuni kwenye kiwanda kikubwa cha mboji, kilomita nane kutoka mjini kwa njia ya kwenda Kate. Wengine walimcheka. Msichana msomi, kazi yake kupima joto la takataka! Yeye alicheka nao. Jasusi asiyeweza kuchekwa akatafute kazi ya ukarani.

Kiwanda chenyewe hakikuwa cha mchezo. Mabiwi ishirini na manne, yaani malundo ya mboji, kila moja refu kuliko malori mawili na limepita kimo cha mtu. Wafipa walikuwa wakifukia majani katika matuta yao tangu enzi za mababu, na mahindi yao yakastawi bila mbolea ya dukani. Serikali ikauchukua ujuzi huo, ikaukuza. Mabua yalitoka vijijini, samadi ikatoka kwenye mazizi, na matumbo ya samaki yakaletwa na lori kutoka Kabwe, yananuka hata askari wa kizuizi cha barabarani hufungua geti huku amejiziba pua.

Kanuni ilikuwa moja, nayo haikuwa na utani. Kila biwi lishike nyuzi hamsini na tano au zaidi kwa siku kumi na tano, na ligeuzwe mara tano. Hapo mbegu za magugu hufa na mabuu hufa. Msimamizi hupima na kuandika kwenye kadi. Mkaguzi huchoma fimbo yake mwenyewe, ndipo anatia sahihi. Bila sahihi, hata gunia moja halitoki.

Msimamizi alikuwa Zenon Sikazwe.

Hapa lazima niseme wazi. Tusajigwe alimpenda Zenon. Alimpenda vibaya, kama mtu anayejua kwamba haruhusiwi. Zenon alikuwa mgane wa miaka thelathini na sita, mwenye mikono mikavu na maneno machache, na ndiye aliyemfundisha kujua kwa harufu biwi lenye kiu na biwi lililoshiba maji. Wiki mbili nyuma alikuwa amemwomba amwoe. Tusajigwe aliahidi kumjibu Jumapili hii nyumbani kwa mama yake Zenon, huko Kasense. Jibu alishakuwa nalo. Alikuwa ameshaandika na barua ya kuacha kazi.

Alitoka nje.

Baridi ya Julai ilimkaba koo. Uwanda wote wa Ufipa ulikuwa umelala chini ya sakitu, umande ulioganda, nyasi nyeupe mpaka upeo wa macho. Mabiwi yalikuwa yakifuka. Namba moja, mvuke. Namba mbili, mvuke. Saba, nane, mvuke mzito kama wa sufuria ya mahindi.

Namba tisa lilikuwa jeupe.

Alisimama.

Sakitu ilikuwa imelitanda biwi namba tisa kutoka juu hadi chini. Biwi lenye moto ndani haliwezi kuvaa sakitu. Hata mtoto wa Kifipa anajua hilo.

Alichomoa kadi kwenye kijiti chake. *Siku ya sita. Nyuzi 61.* Mwandiko wa Zenon, ule wa kuinamia kushoto.

Chini yake, sahihi ya mkaguzi. Yake mwenyewe.

Akakumbuka. Jumamosi iliyopita walikuwa wakitembea pamoja, Zenon akimsimulia jinsi mama yake anavyogombana na kuku, naye alicheka mpaka machozi. "Hili la tisa nimeshalichoma," Zenon alisema. "Tia tu sahihi, jua kali." Naye akatia. Bila kuchoma. Miaka saba ya kazi hii, amevuka mipaka mitatu na pasipoti nne, na kosa lake la kwanza alilifanya kwa kalamu huku anacheka.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Alishika fimbo ya kipimajoto, mita moja na nusu ya chuma, akaisukuma kwa uzito wake wote. Iliingia kwa urefu wa mkono, ikagota.

Mbao.

Alisubiri dakika mbili, akaichomoa. Nyuzi kumi na nne. Mtu alikuwa amejenga biwi la mabua makavu matupu, bila samadi wala maji, ili lisipate moto kamwe. Baruti na joto havikai nyumba moja. Na katika Rukwa nzima, mtu wa kujenga biwi lililokufa likaonekana hai alikuwa mmoja.

"Umeamka mapema, Ndugu Mkaguzi."

Hakugeuka mara moja. Aliipangusa fimbo kwanza.

Zenon alikuwa amesimama hatua kumi nyuma, birika la chai mkononi. Aliitazama fimbo, akaitazama kadi. Kisha akaliweka birika chini taratibu.

"Wewe si wa wizara ya kilimo," alisema.

"Si wa kilimo."

"Ee." Alitikisa kichwa polepole. "Mama alisema una macho ya askari. Nikamwambia ni macho ya mtu wa Mbeya tu."

"Kwa nini, Zenon?"

"Unaujua mwaka sabini na nne?"

Alijua. Operesheni ya vijiji.

"Walitupakia kwenye lori, mvua ya Machi inanyesha. Mke wangu Adela alikuwa na mimba ya miezi minane. Niliomba wasubiri wiki tatu tu. Bwana mmoja alikuwa na kadi, kama hii yako. Akaandika: kaya kumi na nane, zimehamishwa. Adela akafia juu ya lori, na mtoto tumboni. Nilimwambia yule bwana aandike. Akasema kadi haina nafasi ya hayo."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Tusajigwe alitamani apige kelele, ingekuwa nafuu.

"Hukuniambia alikufa hivyo."

"Ningekwambiaje? Wewe ulikuja na kadi."

"Unajua kilichomo humu?"

"Baruti. Delvaux aliniambia. Treni ya mizigo, shaba ya Zambia. Serikali ipate hasara, basi. Hakuna mtu wa kufa."

Delvaux alikuwa Mzungu aliyetokea ng'ambo ya ziwa, mwenye hati za fundi wa mitambo ya kugeuzia mabiwi.

"Zenon. Ijumaa inapita treni ya abiria."

Zenon alimtazama.

"Naijua ratiba kwa moyo," Tusajigwe alisema. "Mabehewa kumi na mawili. Akina mama wa Mbozi na watoto wao mgongoni."

Zenon alichuchumaa, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama yangu," alisema. "Mama yangu weee."

Lori likanguruma getini.

Lilikuwa Bedford la samaki, limekuja siku moja kabla ya ahadi yake. Polikarp, dereva wa Kabwe, alikuwa kwenye usukani. Delvaux aliruka chini kabla halijasimama, jitu la futi sita na koti la ngozi. Aliuona uwanja, akaiona fimbo, akaelewa yote. Bastola ya Browning ilikuwa mkononi mwake kabla Tusajigwe hajagusa sweta.

"Wee mama," alisema kwa Kiswahili cha Kongo, "acha ile fimbo. Mikono juu."

Mikono ilipanda. Fimbo haikuachwa.

"Polikarp! Fungua biwi, pakiza. Zenon, saidia yeye."

Zenon aliinuka. Hakumtazama Tusajigwe. Alitembea mpaka kwenye trekta la Massey Ferguson lenye koleo kubwa mbele, akapanda, akaliwasha. Moyo wa Tusajigwe ulivunjika mara ya pili asubuhi ile.

Trekta lilikwenda mbele. Likapita namba tisa.

Koleo likazama lote ndani ya biwi namba nane, nyuzi sitini na nane, likainuka.

Mvuke ulilipuka. Siku kumi za moto uliofungiwa zilitoka kwa pumzi moja ndani ya baridi ile, na wingu jeupe likammeza Delvaux na lori lake. Akafyatua. Risasi ilipita juu. Tusajigwe alikuwa ameshalala chini. Akainuka ndani ya ukungu, akauona mkono wenye bastola, akashusha chuma.

Mfupa ulilia. Browning ilianguka.

Pigo la pili lilikuwa la goti. Delvaux alilala kifudifudi kwenye mboji mbichi, mdomo wa Walther ukiwa nyuma ya sikio lake.

"Polikarp," Tusajigwe alisema.

"Nimeshapiga magoti, dada. Mimi dereva tu."

Hadi saa mbili wote wawili walikuwa wamefungwa kamba kwenye ringi za Bedford, na masanduku manane ya baruti yamepangwa kwenye nyasi. Kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki ripoti ya saa nne.

Tusajigwe aliingia stoo, akakaa akimpa Zenon mgongo. Alikaa hivyo kwa makusudi. Njia ya Kate ilikuwa wazi, trekta lina mafuta, na vilima vile Zenon alivijua tangu utoto. Alingoja kusikia injini. Dakika ishirini. Saa nzima. Kwa mara ya kwanza maishani alimwomba Mungu mhalifu akimbie.

Alichosikia ni koleo la mkono. Alipochungulia, Zenon alikuwa akilifunika biwi namba nane, akiirudisha mboji shimoni ili moto usipotee.

"Jembe, hapa Ghala. Ripoti."

"Mbegu zote mkononi. Masanduku manane. Wageni wawili wamefungwa."

"Safi sana. Mkulima?"

Redio ilikwaruza.

"Jembe, mkulima ni nani?"

Zenon alikuwa amefika mlangoni. Aliegemea mwimo, jasho linamtoka. "Sema," alimwambia kwa upole. "Mimi siwezi kukimbia kila mara wanaponipakia. Sema tu."

"Zenon Sikazwe," Tusajigwe alisema. "Msimamizi. Amesaidia kumkamata Mzungu. Hilo liandikwe."

"Limesikika."

"Na mkaguzi aliyetia sahihi kadi bila kupima ni mimi. Nalo liandikwe."

Redio ilikwaruza tena.

"Hilo hatukulisikia, Jembe. Ghala natoka."

Aliita tena. Hakuna aliyejibu. Alipiga meza kwa ngumi, mara moja, vikombe vikaruka. Zenon alimshika ile ngumi, akaifungua kidole kimoja kimoja.

"Jumapili ungesemaje?" aliuliza.

"Ningesema ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa kipimo alichokitegemea. Askari walipofika alinyoosha mikono kabla ya kuambiwa. Akiwa tayari juu ya gari aligeuka na kuwaambia vibarua waliofika kazini kwamba namba kumi na mbili ligeuzwe leo, lisiachwe mpaka kesho.

Askari walitaka kwenda Kasense kupekua nyumba. Tusajigwe aliwakataza. Alikwenda mwenyewe.

Bibi Cornelia, mama yake Zenon, alikuwa uani, anachuja pombe ya ulezi ya Jumapili. Mitungi mitatu ilikuwa imepangwa ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nawe, mwali haji kuchungulia pombe yake!" Alicheka, meno mawili hayapo. "Zenon yuko wapi?"

Tusajigwe alimwambia. Alimwambia yote, amesimama wima, bila kuficha neno. Bibi Cornelia hakulia. Aliendelea kukamua machicha mpaka yakawa makavu kabisa.

"Nani kamtaja?"

"Mimi, mama."

"Ungenyamaza, watu wangekufa?"

Angeweza kudanganya. Kudanganya alisomea.

"Hapana. Baruti tulishazikamata."

"Mzungu angetoroka?"

"Hapana."

"Basi kwa nini, mwanangu?"

Tusajigwe alitafuta taifa, alitafuta akina mama wa Mbozi, alitafuta kanuni. Vyote vilikuwepo, na hakuna hata kimoja kilichotosha kwenye ua ule.

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Bibi Cornelia alijifuta mikono kwenye kanga.

"Haya," alisema. "Basi kazi ikuoe."

Akauinua mtungi wa kwanza, akaumwaga. Kisha wa pili. Pombe ilitiririka katikati ya ua, ikapita kwenye viatu vya Tusajigwe, na yeye hakuvisogeza. Mtungi wa tatu ulikuwa mzito mno kwa mwanamke mzee. Tusajigwe alimsaidia kuuinua, wakaumwaga pamoja.

"Kwaheri, mama."

Bibi Cornelia aliingia ndani na mtungi mtupu.

Tusajigwe alitembea kwa mwendo wa kawaida hadi kwenye Land Rover. Dereva aliyekuwa akimngoja, aliyekwisha kusikia redioni jinsi Mzungu wa futi sita alivyovunjwa mkono, alimfungulia mlango kwa heshima na kuwaza kwamba mwanamke huyu ni jiwe kwelikweli.

"Mbeya, afande?"

"Mbeya."

Alivaa miwani yake ya jua. Walipofika Laela giza lilikuwa limeshaingia, na alikuwa bado hajaivua.